Jani Ndani ya Mdudu wa Ndigana

Glasgow, Uskoti
9 Novemba 1997

Kaka Yotham,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku imenifanya nivae soksi mbili mbili, na jua likichomoza watu wanatoka nje kulishangaa kama bibi harusi. Msalimie sana shemeji Priska na watoto.

Leo nakuandikia kwa sababu nina habari, na huku sina mtu wa kumwambia akaifurahia kama ninavyotaka. Tangu nimalize chuo Morogoro na kupata nafasi hii ya kusoma zaidi, kila nikikuandikia nakueleza habari za chakula na mabasi. Leo nakueleza kazi.

Mdudu wa ndigana, ule ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, unamjua kuliko mimi. Wewe umemwona kwa matendo yake: tezi zilizovimba chini ya sikio, homa, mapovu puani, ng'ombe anakosa pumzi amesimama. Mimi namwona kwa darubini tu, nukta ndani ya seli ya damu. Basi kaa kitako, kaka. Ndani ya mdudu huyo kuna jani.

Sikutanii. Kuna kijipande kidogo ambacho watu walikiona miaka mingi wasijue ni nini. Sasa wamesoma maandishi ya urithi yaliyomo ndani yake, wakakuta si ya mdudu. Ni ya ukoo wa mimea! Ni masalia ya mwani, ule utando wa kijani unaoota kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Zamani za zamani, kabla hapajawa na ng'ombe wala kupe, babu wa mdudu huyu alikuwa akielea majini na kula mwani. Siku moja akammeza mmoja, hakummeng'enya. Akabaki naye. Wakazaana wote wawili, mmoja ndani ya mwenzake, hadi leo. Rangi ya kijani imekwisha, maana ndani ya damu hakuna jua. Lakini yumo.

Mwenzangu wa meza ya jirani akasema, kama kuna jani, tujaribu dawa ya magugu. Akawadondoshea wadudu kwenye bakuli. Wakasinyaa, wakafa! Dawa ya magugu, kaka! Wiki nzima hapa ni kicheko tu.

Sijui kama nimeeleza vizuri. Nilitaka tu na wewe ujue, kwa kuwa wewe ndiye uliyenionyesha kupe kwa mara ya kwanza na kuniambia asiitwe uchafu.

Mdogo wako,
Angelina


Mlali
30 Novemba 1997

Mdogo wangu Angelina,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, maana mvua inayonyesha huku hatujapata kuiona. Redioni wanaiita El Nino. Priska anasema inanyesha kama iliyoajiriwa, na kwamba ndiyo pekee mkoa huu ambayo haijapunguzwa kazini.

Nimesoma habari ya jani mara nyingi. Kwanza nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nina maswali, na usinijibu kama mtoto. Huyo aliyemezwa, ni mgeni au ni mfungwa? Maana mgeni huondoka. Na huyo aliyemmeza, anapata nini kwa kumbeba miaka yote hiyo, kama hata rangi hana tena? Mimi nimefuga, sijaona mnyama anayebeba kitu bure.

Habari za hapa ni hizi. Josho letu limekauka dawa, limejaa maji ya mvua, ndani yake vyura wanaimba. Zamani dawa ya kuogeshea ililetwa na serikali na mimi ndiye niliyesimamia. Sasa kila mtu ajinunulie, na mimi si bwana mifugo wa mtu, ingawa bado wananiita hivyo. Na mvua hii imeleta kupe kuliko majani.

Tunaishi kwa ng'ombe wa Matonya, kama unavyojua. Ng'ombe ni wake, zizi ni langu. Maziwa yetu, ndama wake. Kama si hao, watoto wangekunywa chai ya rangi mpaka waote ndevu. Wiki iliyopita alikuja kuwaangalia. Akazunguka kimya, akamshika masikio yule mtamba mwekundu mwenye paji jeupe anayempenda, akaniambia: "Bwana mifugo, huyu akifa kwa uzembe, nawaswaga wote." Akaenda zake. Unamjua Matonya, mkubwa wetu yule, maneno kwake ni kama anayanunua.

Halafu swali dogo. Hiyo dawa ya magugu ya mwenzako, ni ile ya chupa nyeupe wanayonyunyizia kwenye mashamba makubwa ya mahindi kule Kibaigwa? Nauliza tu.

Kaka yako,
Yotham


Glasgow
18 Desemba 1997

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka peke yangu chumbani kwa habari ya mvua iliyoajiriwa.

Maswali yako yamenifurahisha mno. Nilimpelekea profesa lile la mgeni au mfungwa, akasema ataliiba alitumie darasani. Jibu langu ni hili. Mwanzoni alikuwa mfungwa. Sasa si mgeni wala mfungwa, ni mwenye nyumba nusu. Maana katika miaka hiyo yote, yule wa ndani amempa yule wa nje karibu maarifa yake yote ya kujiendesha, yahifadhiwe huko. Amebaki na machache. Ukimtoa nje leo hawezi kuishi, amesahau namna. Na wa nje naye amezoea: kuna kazi fulani amemwachia wa ndani, na mwenyewe hajui tena kuifanya. Kazi gani hasa, bado tunabishana.

Na sikia hili. Kijipande hicho kina ngozi nne, moja juu ya nyingine. Kwa nini nne? Kwa sababu kilimezwa mara mbili! Kwanza bakteria mmoja wa kijani alimezwa na seli nyingine, ikawa mwani. Kisha mwani mzima ukamezwa na babu wa mdudu wetu. Kila aliyemeza aliacha ngozi yake. Sasa unapomtazama mdudu wa ndigana, unatazama watu watatu waliokula wakashindwa kumalizana.

Mwezi wa tatu nitasimama mbele ya wataalamu kueleza sehemu yangu. Nimeshaanza kuota niko jukwaani, kanga yangu nimeisahau nyumbani.

Ndiyo, dawa ya magugu ni hiyohiyo ya chupa nyeupe. Dunia ndogo, eh? Krismasi njema kwenu. Mnile na mimi wali.

Angelina


Mlali
11 Januari 1998

Mdogo wangu,

Krismasi tuliila ndani, mvua haikutupa nafasi hata ya kwenda kanisani. Wali wako ameula mtoto wa mwisho.

Sasa nisikilize. Yule mtamba wa Matonya ameshikwa. Tezi ya sikio imekuwa kama ngumi, amelala, hali, homa haishuki. Ni ndigana, huhitaji darubini. Dawa yake halisi ipo Dodoma mjini kwenye maduka ya watu binafsi, na bei yake ukiuliza unaona afadhali ungeuliza bei ya ng'ombe mwingine. Hata ningeipata hiyo pesa, barabara imekatika, lori la posta lenyewe linasukumwa. Mpwapwa nimekwenda kwa miguu na kurudi mikono mitupu. Waliniambia ningeagiza mwezi uliopita. Mwezi uliopita alikuwa mzima!

Nimekaa nikafikiri kama nilivyofundishwa kufikiri. Mdudu ana jani. Dawa ya magugu huua jani. Ng'ombe si jani. Kwa hiyo dawa itakwenda kwa mdudu na kumwacha ng'ombe. Umesema mwenyewe ukimtoa yule wa ndani, wa nje hawezi. Nimetafuta kosa kwenye hesabu hii na sijaliona. Chupa nimeipata Kibaigwa kwa mtu ninayemfahamu.

Matonya sijamwambia. Nitamwambia mtamba akisimama. Akijua sasa ataona namfanyia majaribio, atawaswaga kabla sijaanza, na unajua tutabaki na nini: zizi na kelele za watoto.

Kesho asubuhi naanza kidogo kidogo kwenye maji. Barua hii nampa Elieza anayejaribu kufika Kongwa na baiskeli. Priska anakusalimu. Kwa mara ya kwanza tangu nipunguzwe kazini, najisikia nina kazi. Niombee.

Kaka yako,
Yotham


SIMU YA MAANDISHI. GLASGOW, 2 FEBRUARI 1998.
KWA YOTHAM, MLALI, KUPITIA MPWAPWA.
USIMPE NGOMBE DAWA YA MAGUGU. KAMA UMEMPA NYAMA ISILIWE. BARUA INAKUJA. ANGELINA


Glasgow
2 Februari 1998

Kaka,

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimekimbia kupiga simu ya maandishi bila koti. Najua ulisema "kesho", na kesho hiyo imepita wiki tatu. Naandika hata hivyo.

Kosa kwenye hesabu yako hulioni kwa sababu halimo kwako, limo kwenye barua yangu. Niliandika "wadudu", nikakuacha ufikiri ni wa ndigana. Waliokufa kwenye bakuli si wa ndigana. Ni binamu yake, mdudu mwingine kabisa anayekaa kwa paka. Tulimtumia kwa sababu ni rahisi kumfuga. Wa ndigana hatujamjaribu. Inawezekana hiyo dawa haimgusi hata kidogo.

La pili, bakulini tulidondosha dawa tupu, tone. Ya kwenye chupa nyeupe si tupu. Wameichanganya na kitu kama sabuni ili ishike kwenye majani, na sabuni hiyo huunguza koo na mapafu ya mnyama. Niliulizwa na kaka yangu ni chupa ipi, nami nikajibu ndiyo, dunia ndogo! Sikujiuliza kwa nini mtu wa Mlali anataka kujua.

La tatu, si jani, kaka. Niliita jani kwa sababu linapendeza kuambiwa. Lilikuwa mwani, zamani. Sasa ni kitu kingine kisicho na jina la nyumbani.

Nimekukasirikia pia, nisifiche. Ungesubiri. Lakini najua kusubiri ni kwa mtu ambaye ng'ombe wake hajalala chini.

Niandikie haraka. Mtamba akifa, watu wasile. Nakuomba.

Angelina


Mlali
24 Februari 1998

Angelina,

Simu yako ilifika Mpwapwa, ikakaa posta ikisubiri mtu wa huku. Imenifikia ngozi ikiwa imekwisha kauka.

Nitakueleza halafu tusiyarudie. Nilimpa asubuhi, kidogo, akatikisa kichwa. Jioni nikaona hajabadilika nikaongeza. Akaanza kukohoa na kutoa udenda wenye povu, macho yananitazama. Alikufa siku ya pili, kabla ya jua kuwa kali. Kama aliuawa na ndigana au na mkono wangu, sijui. Nimeshika ng'ombe wengi wanaokufa, lakini huyu nilishindwa kumtazama.

Sasa ikaja shida ambayo huko hamna. Kwetu ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, mfugaji anampelekea mwenyewe ngozi yenye masikio, aione alama yake, na paja moja. Nyama nyingine wanakula majirani, nao ndio mashahidi. Asiyeleta ngozi amemuuza. Anayezika nyama bila watu kula ana jambo analificha. Hilo hata mtoto analijua.

Na majirani walikuwa wameshafika na sufuria zao. Njaa ipo, Angelina, mvua imeozesha uwele shambani. Ile simu yako nilikuwa sijaiona, lakini niliuona udenda ule. Nikasimama mbele ya watu na panga mkononi nikawaambia nyama hii hailiwi. Mmoja akauliza kwa nini. Nikasema nimempa dawa. Akasema ng'ombe wote hupewa dawa, nasi tunakula. Nikasema, hii ni sumu ya majani. Wakarudi nyuma na sufuria zao. Priska akachukua jembe, akaanza kuchimba yeye mwenyewe. Tukazika.

Ngozi nikaibeba begani hadi kwa Matonya, bila paja. Aliitazama alama sikioni. Akauliza, "Paja?" Nikamweleza yote, na habari ya jani, na ya barua yako, na kwamba nilimficha. Nilidhani atanipiga. Afadhali angenipiga. Alikunja ngozi vizuri, akaniambia niende nyumbani.

Asubuhi alikuja na fimbo akafungua zizi mwenyewe, akawaswaga wote, wale waliozaliwa humu na wale walioletwa na baba yake kwa baba yetu. Ndama kipenzi cha Priska, aliyezoea kulamba chumvi mkononi mwake naye akafuata mama yake. Sikumzuia, maana alikuwa na haki.

Hapa naandika zizi likiwa tupu. Watoto hawajauliza kitu, na hilo ndilo linaloniumiza. Wewe usilie huko peke yako. Nilifikiri kwa akili yangu na nilimimina kwa mkono wangu. Sitaki kuibebesha barua yako lawama.

Yotham


Mlali
3 Machi 1998

Mdogo wangu,

Sisubiri jibu lako. Nakuandikia tena kwa sababu kuna jambo limetokea, na kwa sababu anayenisimamia hapa begani ananiambia niandike.

Matonya alipowachukua ng'ombe alikuwa hana pa kuwaweka. Miaka yote hiyo amewekesha ng'ombe kwa watu, zizi lake mwenyewe limebaki miiba mitatu na mbigili. Akakata miiba mipya, akawafungia. Mkewe akakaa kukamua. Ng'ombe wakakaza maziwa! Wamezoea mkono wa Priska na sauti yake. Kuna mmoja usipomtukana kidogo hashushi. Ndama wakawa wanalia, ng'ombe wanalia, mke wa Matonya naye akalia.

Jioni moja tulisikia miguu. Priska alitoka akiwa na mwiko. Walikuwa langoni kwetu wote, wamevuka korongo lenye maji hadi tumboni, wamesimama wanasubiri kufunguliwa kama siku zote. Nikawarudisha mimi mwenyewe kwa Matonya, maana si wangu. Akawafungia tena. Kesho yake wakaja tena. Nikawarudisha tena.

Leo wamekuja, na nyuma yao akaja Matonya, mvua imemlowesha, fimbo ameiweka begani hapigi mtu. Nilikwenda kuchukua kamba niwarudishe. Akasema, "Fungua."

Nikafungua. Priska akakaa kukamua bila kuuliza, na sauti ya maziwa ndani ya kibuyu ilipoanza niliingia ndani, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka watoto waone. Kisha tukampa Matonya kikombe cha kwanza. Alipomaliza akauliza kama wewe bado unaandika. Nikasema ndiyo. Akasema nichukue kalamu. Haya yanayofuata ni yake, sijaongeza wala kupunguza.

"Dada wa Yotham. Mimi Matonya. Mtamba wangu amekufa, na maneno yako yalikuwepo. Sikudai. Sijasahau pia. Kuanzia leo barua yako ikifika inasomwa zizini, mimi nikiwepo, kabla chupa yoyote haijafunguliwa. Nimeelezwa habari ya huyo mdudu aliyemmeza mwenzake. Nimeifikiria siku hizi, ng'ombe wakinitoroka zizini. Sasa nijibu. Mdudu huyo akimfukuza yule wa ndani, aende zake, mdudu atakufa au ataishi?"

Hayo ndiyo yake. Amekataa kulala, amekwenda zake na mvua. Ng'ombe wapo.

Kaka yako,
Yotham


Glasgow
26 Machi 1998

Ndugu Matonya,

Shikamoo. Barua hii naiandika kwako, na Yotham ni msomaji tu, asijipe cheo.

Kwanza nakuomba radhi. Niliandika habari ya kazi yangu kama mtu anayesimulia kichekesho, na kichekesho hicho kikaingia kwenye koo la mtamba wako. Yotham anasema nisijibebeshe. Najibebesha. Juzi nilisimama mbele ya wataalamu wakanipigia makofi, na muda wote nilikuwa namwona yeye na ngozi begani, anakuja kwako bila paja.

Sasa swali lako. Hapa hakuna aliyeniuliza vizuri hivyo.

Akimpoteza yule wa ndani, mdudu hafi siku hiyo. Anaendelea kula, anaendelea kuzaa, ukimtazama utasema hana shida. Ni wanawe. Wanaingia kwenye seli mpya kuanza maisha, na huko wanashindwa, wanakufa wote. Yeye mwenyewe alishapoteza, ila wanaolipa ni watoto. Nadhani ulishalijua hilo kabla sijakuandikia, ndiyo maana ukasema fungua. Nakushukuru kwa ajili ya watoto wa kaka yangu.

Lakini haya nimeyaona bakulini, kwa mdudu wa paka. Kwa mdudu wa ndigana, ndani ya ng'ombe aliye hai, anayepumua, wa mtu, sijui. Profesa wangu hajui. Hakuna ajuaye.

Kaka, hapo nilipoandika "sijui", msomee mara mbili, na usome kwa sauti.

Angelina